Yadi ya Kizota, Dodoma: maji yapo, na zaidi ya yote pa kumwagia papo

Nianze na jibu kabisa kwa wale wenye haraka: kama unasafiri na gari la nyumba, yaani yale magari yenye kitanda, jiko, sinki na choo humohumo ndani, na unapita Dodoma ukitokea Iringa kwenda Babati au ukitokea Dar kwenda Singida, ingia hii yadi ya Kizota. Maji wanayo ya kunywa na ya kuoshea, na wana sehemu ya maana ya kumwaga maji ya choo na maji ya sinki. Hilo la pili ndo linanifanya niandike yote haya, maana maji ukiwa na hela na uvumilivu unayapata tu, ila pa kumwaga aisee, pa kumwaga ndo kilio cha kila mtu anaezunguka na haya magari.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja na magari yao wenyewe, wengine wanatokea huko Cape Town wanapanda mpaka Nairobi, wengine wanashuka, na njia yao kubwa inapita katikati ya nchi hapahapa: Iringa, Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Zamani vipande vya njia hii vilikua vumbi na mahandaki, wengi wakawa wanazungukia Morogoro, siku hizi ni lami mwanzo mwisho, Iringa mpaka Dodoma kama kilomita 260 na Dodoma mpaka Babati kama 250. Ukipiga hiyo hesabu unaona Dodoma imekaa katikati kabisa, ndo pale tanki la maji linakua limebaki robo na kaseti ya choo, yaani lile sanduku la kinyesi, imejaa, kwahiyo hata mgeni ambae hana mpango wa kuliona Bunge wala nini lazima asimame. Na mimi mwenyewe nina Coaster niliyoing'oa viti nikaweka vitanda, jiko na sinki, familia ikifunga shule tunazunguka nayo, kwahiyo hii habari naijua kwa mikono yangu.

Yadi ipo barabara ya Singida, ukishatoka mjini ukaingia Kizota kule kwenye magodauni na gereji za malori. Haina kibao kikubwa, waulize bodaboda yadi ya mama anaepokea magari ya wageni, watakupeleka. Mwanzo ilikua yadi ya kulaza malori tu, na mpaka leo nusu ya uwanja ni malori, alafu mama mwenyewe akaona wageni wanakuja kuomba maji tu kisha wanaondoka akaanza kujenga kidogokidogo. Geti ni pana, waya wa umeme uko juu vya kutosha, gari lenye kimo cha mita tatu na nusu linaingia bila mtu kupanda juu na fimbo. Chini ni moramu iliyoshindiliwa, kiangazi iko poa sana ila masika kile kipande cha nyuma karibu na mkwaju kinakua tope, gari zito likiingia pale linatoka kwa kuvutwa. Paki mbele.

Sasa maji. Wana matenki mawili ya lita elfu kumi yamepandishwa kwenye mnara wa chuma, moja ni la maji ya bomba ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na lingine ni la kisima chao. Haya hawayachanganyi. La bomba koki zake zimepakwa rangi ya buluu, la kisima koki zake ni nyeusi, na la kisima wanakwambia wazi ni la kuoshea gari, kufulia na kusukumia choo, sio la kunywa. Nimependa sana huu uwazi maana sehemu nyingine unauliza maji haya yanatoka wapi unajibiwa ni safi tu, kunywa, basi. Na kwa vile matenki yako juu maji yanashuka yenyewe, umeme ukikatika bado unajaza, na siku ya mgao bado unajaza. Kwa gari la kawaida la kutoka Ulaya tanki la ndani ni kama lita 100 hivi, pale linajaa ndani ya dakika kumi au zaidi kidogo. Presha sio kubwa lakini haikuchoshi.

Kitu ambacho kimenifurahisha kuliko nilivyotegemea ni kile kiboksi cha viungio. Yeyote aliewahi kuhangaika na mpira wa mgeni anajua: koki zetu ni za nusu inchi au robo tatu, mgeni anakuja na mpira wenye kile kichwa cha plastiki cha kubofya, haviingiliani kabisa, mnaishia kushika kwa mkono na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nusu ya maji yanaenda chini. Pale wamefunga kiboksi cha bati kwenye nguzo kina viungio vya nusu inchi, vya robo tatu, vya kubofya, na tepu ya kuzibia, vyote vimefungwa na kamba visipotee. Ni vitu vya bei ndogo kwenye duka lolote la vifaa vya bomba lakini mtu alikaa akafikiria.

Ladha ya maji ya kunywa ni ile ya Dodoma, magumu kidogo, sabuni inachelewa kutoa povu na ukichemsha unaona chokaa chini ya sufuria. Mji huu kwa miaka mingi umekua ukinywa maji ya visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora upande wa kaskazini, na maji ya chini ya ardhi ukanda huu yana madini yake. Kwa kunywa hayana shida kwangu, familia yangu inayanywa, ila kama gari lako lina hita ya maji ya kuoga basi chokaa itakaa kwenye koili, safisha na siki ukifika nyumbani. Na kama unaendelea mbele kwenda Singida jaza hapa hapa ufulu, maana kule visima vingi vina floridi nyingi, ile inayofanya meno ya watu kuwa ya kahawia, na floridi haiondoki kwa kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki palepale. Wageni wengi wanafikiri kichujio chao cha mkaa kinaondoa kila kitu, sio kweli, kwa floridi hakisaidii kitu cha maana.

Ila twende kwenye choo, ndo nilichokuja kusema.

Kwa asiejua, choo cha haya magari mara nyingi ni kaseti, ni kama sanduku la plastiki la lita 17 mpaka 20 linalokaa chini ya choo, unalivuta kutokea nje kwa kamlango, lina mkono na wakati mwingine magurudumu kama begi la safari. Watu wawili wanalijaza siku tatu au nne. Alafu kuna maji ya sinki na bafu yanayokusanyika kwenye tanki lake chini ya gari. Ufaransa na Ujerumani vitu hivi vimeshapangwa, miji mingi mpaka midogo ina sehemu ya halmashauri ambapo gari linapanda juu ya wavu wa kumwagia, pembeni kuna mashine unaweka sarafu unapata maji, na kaseti ina mdomo wake maalum. New Zealand wameenda mbali zaidi, mwaka 2023 walipitisha sheria kwamba gari linalotaka kulala kwenye maeneo ya umma bila huduma liwe na choo kilichofungwa humo ndani na lithibitishwe. Mgeni aliezoea hayo anafika kwetu, anafungua simu kutafuta alama ya pa kumwaga, haoni, ananigeukia mimi. Na kwa muda mrefu mimi nilikua sina cha kumjibu zaidi ya kutafuta gesti yenye choo cha shimo nikamuombee kwa mwenyewe.

Yadi ya Kizota wamejenga jukwaa la zege lenye mteremko, upana kama wa gari moja, pembeni ya ukuta wa mashariki. Katikati ya mteremko kuna wavu wa chuma, hapo ni maji ya sinki na bafu tu, unasogeza gari mpaka bomba la chini liwe juu ya wavu unafungua. Pembeni, umbali wa hatua chache, kuna chemba yenye mfuniko wa chuma wenye mkono, unanyanyua, unamimina kaseti taratibu, na kuna mpira mfupi wa njano wa kusuuzia umetundikwa kwenye ndoano yake. Ukutani wamechora picha, hakuna maneno mengi: kaseti yenye mshale kwenda kwenye chemba, sinki yenye mshale kwenda kwenye wavu, na glasi ya maji imepigwa msalaba mwekundu juu ya koki ya mpira wa njano. Mtoto anaelewa, Mjapani anaelewa.

Na wana mzee. Mzee ni mlinzi, Mgogo wa hapahapa, umri umekwenda, na hilo jukwaa analilinda kama mtu anavyolinda kisima cha kijiji. Nimemuona akimkatalia mgeni mmoja kijana aliekua amechukua mpira wake mrefu wa kujazia maji ya kunywa anataka kuuingiza kwenye kaseti asuuze, mambo yaishe haraka. Mzee akaweka mkono juu ya mpira kwa upole tu.

"Hapana bwana. Huu unakunywa. Ule pale ndo wa hiyo kazi."

Mgeni akawa anaeleza kwa Kiingereza kwamba hautagusa, ataushikilia kwa juu. Nikatafsiri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwambie kesho kuna mwingine anakuja na watoto. Atashika koki hiyohiyo."

Yule kijana akaurudisha mpira wake kwenye gari, akachukua wa njano, na alipomaliza akamsalimia mzee kwa ile mbukwenyi, salamu ya Kigogo, niliyomfundisha asubuhi, mzee akacheka sana. Yaani mtu ameshika mambo makubwa mikononi: mdomo wa mpira uliogusa kinyesi ukirudi kwenye koki ya kunywa, na presha ikishuka ghafla maji yakavutwa kurudi nyuma, unaweza ukauchafua mfumo wa tenki zima. Nchi hii tunaijua kipindupindu, ule mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliingia mikoa mingi na ukaendelea mpaka mwaka uliofuata, hakuna anaehitaji kusomeshwa.

Nikauliza swali ambalo huwa nauliza kila mahali: kikishaingia kwenye chemba kinaenda wapi? Maana kuna watu wana chemba nzuri ya kupendeza alafu bomba lake linatokea nyuma ya ukuta kwenye korongo. Mama akanichukua akanionyesha, hakunisimulia. Chemba inaingia kwenye tanki la septiki la vyumba vitatu, mifuniko ipo, anaifungua unaona. Chumba cha mwisho hakimwagi nje, kimezibwa, kikijaa anaita gari la kunyonya majitaka na ana faili la risiti zake limekaa pale ofisini kwenye msumari. Gari hilo linapeleka kwenye mabwawa ya majitaka Swaswa, yale mabwawa ya wazi ambapo uchafu unatulizwa na kuoza kwa jua na vijidudu. Maji ya wavu yeye hayapeleki huko, yanapita kwenye shimo la kokoto na mchanga alafu yanaenda kwenye migomba na mipapai nyuma ya jiko, ndo maana anaomba wageni watumie sabuni ya kawaida, hataki mafuta ya kukaangia yamwagwe kwenye sinki maana yanaziba kokoto, mafuta anayo ndoo yake.

Alafu akaniuliza mimi kuhusu dawa. Zile dawa za choo za buluu, za zamani hasa, zina fomaldihaidi, inaua harufu kwa kuua vijidudu vyote, na tanki la septiki linaishi kwa vijidudu, ukivimaliza linakua shimo la kinyesi kisichooza. Siku hizi zipo za kijani zinazooza zenyewe na wageni wengi wanabeba hizo. Mama anauliza kila gari linaloingia unatumia dawa gani, wenye ile kali anapokea kaseti moja tu kwa siku na wanasuuza kwa maji mengi. Kuna wageni wanakasirika kuulizwa. Mimi namuunga mkono asilimia zote, tena angebandika swali hilo getini kabisa.

Nieleze kwa nini nalichukulia hili kwa uzito hivi. Kituo kimoja cha mafuta, sikitaji, kwenye barabara hiihii kuu, niliwahi kuuliza kama naweza kulipia nitumie choo chao kumwaga kaseti mbili, kijana akanionyesha mtaro: mwaga pale mvua itabeba. Ilikua Agosti. Dodoma mvua inaanza Desemba inaisha Aprili, ni msimu mmoja tu na milimita mia tano na kitu kwa mwaka, kwahiyo unachomwaga mtaroni Agosti kinakaa pale miezi minne kinakauka kinakua vumbi, na hilo vumbi linatua kwenye maandazi ya mama anaeuza pembeni. Sikumwaga. Lakini wangapi wanamwaga? Wengine wanatoka nje ya mji usiku wanatafuta korongo kavu, wanaona mchanga mweupe umekauka hakuna mtu, wanafikiri ni jangwa, wanamwaga wanafukia na koleo.

Yale makorongo ndo maji yetu. Ukipita kiangazi vijijini huku Ugogo unaona akina mama na watoto wamechimba mchangani kwenye mto uliokauka, mashimo mpaka kiunoni au zaidi, wanachota kwa kikombe kidogokidogo wanajaza ndoo, na maji yanajaa tena taratibu kutokea pembeni. Ukimwaga juu umemwaga kwenye kikombe cha mtu. Na hata kwa mjini ni vilevile, watu wa maji wamepima kina cha visima vya Makutupora kwa zaidi ya nusu karne, na inaonekana lile bonde halijazwi kila mwaka, linajazwa hasa na ile miaka michache ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997 na 1998, na maji yanashuka ardhini kupitia vitanda vya mito ya msimu kama Kinyasungwe. Yaani mchanga uleule wa mto mkavu ndo mlango wa maji ya mji mzima. Ukishaelewa hilo huwezi tena kuona mgeni anabeba kaseti kwenda korongoni ukanyamaza.

Mtera nako kuna tatizo hilohilo, watu wanapenda kulala kandokando ya bwawa, machweo mazuri, samaki wa kukaanga, na asubuhi wanataka kumwaga kabla ya kuondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wageni wangu nawaambia hivi: Mtera tunakula samaki, kinyesi tunasafiri nacho mpaka Kizota. Ni kama kilomita 125 tu, kaseti haitakufa.

Takataka ngumu wanapokea pia, mapipa yapo matatu, chupa za kioo, plastiki na mabaki ya chakula. Mabaki yanaenda kwa jirani mwenye nguruwe, plastiki kuna vijana wanakuja kuinunua kwa kilo, zinazobaki gari la taka linabeba kwenda dampo la Chidaya. Hawachomi, na hili ni kubwa, maana sehemu nyingi za kulaza magari saa kumi na mbili jioni unaanza kunusa plastiki inaungua na wewe ndo umefungua dirisha ulale. Betri na mafuta machafu ya injini wanakupeleka gereji ya jirani. Wageni wanaoingia na ile mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mama anawakumbusha kwamba imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, anawapa ya kitambaa wanunue kama wanataka.

Mapungufu yapo na nayasema kwa nia njema kabisa.

La kwanza na kubwa, koki ya mpira wa njano iko karibu mno na koki ya buluu ya mwisho, ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Mzee akiwepo hamna shida. Mzee akienda kula, au akiwa amelala mchana, kinga inabaki ile picha ukutani peke yake. Nimemwambia mama ahamishe ile ya buluu upande wa pili wa mnara, na ile ya kusuuzia iungwe kwenye tenki la kisima badala ya la bomba, na ifungwe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, fundi bomba yeyote anaifunga nusu saa. Amekubali, fundi amekuja kupima, nasubiri kuona.

La pili, magari makubwa ya aina ya Kimarekani, na haya ya kwetu ya kutengeneza kama Coaster langu yenye tanki la choo chini ya chasi, hayawezi kutumia ile chemba. Mdomo wa chemba umeinuliwa juu ya zege kama sentimita thelathini ili maji ya mvua yasiingie, ni sahihi kwa kaseti, lakini tanki langu liko chini kuliko mdomo na kinyesi hakipandi mlima. Magari hayo yanatumia mpira mnene wa inchi tatu unaoshuka. Kwa sasa wanachofanya ni kuliita gari la kunyonya linyonye moja kwa moja kutoka kwenye gari lako, inafanya kazi, lakini unalipia safari nzima ya gari la majitaka kwa lita zako sitini, ni ghali. Dawa yake ni mdomo wa pili ulio sawa na zege wenye mfuniko wa kubana. Wakiweka hiyo wenye mabasi madogo tuko wengi tu tunaokuja, watalipwa.

La tatu mabafu. Ni masafi, maji ya moto ya sola yapo, ila taa ya njia ya kwenda mabafuni ya kina mama ilikua imeungua na haikubadilishwa siku zote nilizolala. Mke wangu alikua anaenda na tochi ya simu. Taa moja tu jamani.

Kelele za malori alfajiri zipo, ni yadi ya malori hii, mtu anawasha injini saa kumi inapata joto, ndo hali halisi na mimi sitawalaumu. Ukitaka utulivu wa ndege na kriketi lala kwingine, ila kujaza na kumwaga njoo hapa.

Bei zao mimi naona ni za haki. Kulaza gari usiku mmoja elfu kumi na tano kwa Mtanzania na mgeni ni bei hiyohiyo, hawana ile ya kumuangalia mtu rangi. Kujaza maji ya kunywa bila kulala ni elfu tano mpaka lita mia, na kumwaga kaseti bila kulala elfu tano kila moja. Ukilala vyote vimo. Kuna mgeni mmoja aliona kulipia kumwaga ni uonevu, kwao anapata bure kwenye maegesho ya halmashauri. Nikamwambia kwao analipiwa na kodi za mji mzima, hapa kuna mama mmoja analipa gari la kunyonya kutoka mfukoni kwake. Alilipa, na alivyoonyeshwa yale matanki akaongeza juu. Malipo ni kwa simu au taslimu, risiti unapewa.

Chakula sio kazi yao ila ukiagiza mapema kuna ugali wa uwele na mlenda na kuku wa kienyeji, kiwango cha nyumbani, na Agosti mpaka Septemba zabibu zikiwa zimeingia wanakuletea kwa kilo kutoka mashambani. Kula, ni tamu.

Kwa ujumla nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano iko kwenye ile koki ya buluu. Piga simu siku moja kabla kama mnakuja magari zaidi ya matatu ili mama ajue nafasi ya tanki lake la mwisho. Fika kabla ya saa kumi na mbili jioni maana baada ya hapo jukwaa linafungwa, hawaruhusu mtu kumwaga gizani na sababu unaijua. Na kama unaelekea Kondoa kuona michoro ya mapangoni ya Kolo, ile iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, mwaga hapa, suuza hapa, jaza ufulu hapa, kwa sababu kutoka hapo mpaka Babati mimi sijaona sehemu nyingine ya kumwaga ambayo mwenye nayo ananifungulia mifuniko akanionyesha kinaenda wapi. Kama wewe unaijua, Kondoa au Bereko au popote kwenye kile kipande, itaje hapa chini tuifahamu wote.